Maji ya Manowari na Maji ya Kijiji: Somo la Utafiti wa Viwanda Vidogo

Nkoaranga iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, kiasi cha kilomita 300 kutoka baharini. Watu wake ni wakulima wa kahawa na migomba, na mafundi wake ni waashi, maseremala na wachomeleaji vyuma. Mtu akianza kuzungumza hapa habari za manowari atasikilizwa kwa adabu, kisha ataulizwa: haya yanatuhusu nini sisi watu wa mlimani?

Swali hilo ni la haki, na shabaha ya makala hii ni kulijibu. Kwa kifupi, tatizo la maji linalomkabili baharia katikati ya chumvi, na tatizo la maji linalowakabili watu wa Meru katikati ya floridi, kisayansi ni ndugu wa tumbo moja. Wenzetu walilitatua la kwanza kwa fedha za umma zilizopitia katika maabara na kampuni ndogo. Sisi tunanunua matokeo yake kwa fedha za kigeni. Hatuna budi basi kuelewa jinsi jambo hilo lilivyofanyika: nani aligharamia, nani alivumbua, na nani hatimaye alimiliki.

1. TATIZO MOJA, SURA MBILI

Lita moja ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi. Binadamu hawezi kuyanywa akaishi. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu walilijua hilo karne nyingi zilizopita. Ndiyo maana tangi la maji lilikuwa kitu cha kulindwa chomboni kama roho. Urefu wa safari ulipimwa kwa upepo na kwa maji yaliyobaki.

Zilipokuja meli za mvuke, tatizo lilizidi. Sasa si baharia peke yake aliyetaka maji safi, bali na bwela la injini pia, kwa sababu maji ya chumvi huganda ndani ya mabomba yake na kuyaharibu. Majeshi ya majini yakawa yanachemsha maji ya bahari na kukusanya mvuke. Njia hiyo hufanya kazi, lakini hula nishati. Kuchemsha meta moja ya ujazo ya maji hadi yote yawe mvuke, bila ya kuokoa joto lolote, kunahitaji nishati ya zaidi ya kilowati-saa 600. Mitambo iliyoboreshwa hulitumia joto hilo hilo mara kadhaa na hivyo kupunguza gharama, lakini bado moto ni moto na mafuta ni mafuta. Manowari inayochoma mafuta ili kupata maji hupunguza masafa yake na nafasi yake ya kupigana.

Tupande sasa mlimani. Meru ni mlima wa volkeno. Maji yanayopita katika miamba na majivu yake huyeyusha floridi na kuibeba. Kwa kawaida chemchemi za juu kwenye misitu ya kusini huwa na floridi kidogo kuliko maji ya chini na ya upande wa mashariki na kaskazini. Mito kama Maji ya Chai na Ngare Nanyuki inajulikana kwa floridi inayopita mara kadhaa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekulia kwenye maji ya namna hiyo meno yake huwa ya kahawia, na floridi ikizidi sana na kwa miaka mingi mifupa huathirika; wengine hupinda miguu. Ugonjwa huu haubagui mwenye bidii na mvivu, wala hauponywi kwa kuhamasishwa.

Hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hawaambiwi waziwazi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki ndani ya sufuria inazidi kuwa kali. Kitambaa cha kuchujia nacho hakifai kitu, kwa sababu floridi imeyeyuka kama sukari ndani ya chai. Chumvi ya bahari ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu tunasema tatizo ni moja: jinsi ya kutoa ndani ya maji kitu kilichoyeyuka na kisichoonekana.

Ukali wa tatizo hili unaonekana hata katika viwango vyetu. Mwaka 1974 Tanzania ilikubali kwa muda kiwango cha hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Wataalamu wa 1974 walijua hatari yake. Kiwango kiliwekwa juu kwa sababu, katika sehemu nyingi, maji mengine hayakuwapo na njia ya kuyasafisha kwa bei nafuu haikuwapo. Pale ambapo tekinolojia haipo, sheria yenyewe hulazimika kupiga magoti.

2. UTANDO ULITOKA WAPI?

Siku hizi meli nyingi, na viwanda vingi vya maji ya chupa, hutumia njia inayoitwa osmosisi kinyume. Jina ni gumu lakini jambo lenyewe mama lishe yeyote analijua nusu yake. Anaponyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, baada ya muda mfupi vitunguu hutoa maji. Ngozi za chembe za kitunguu hupitisha maji na kuizuia chumvi, na maji huvutwa upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ni osmosisi. Ukiwa na utando wenye tabia hiyo, halafu ukayasukuma maji ya chumvi kwa nguvu kubwa kuliko ule mvuto, maji yatarudi kinyume: yatapita upande wa pili yakiwa safi na chumvi itabaki nyuma. Kwa maji ya bahari inahitajika kani ya kiasi cha mara 55 hadi 70 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Hata hivyo mtambo wa kisasa hutumia kiasi cha kilowati-saa 3 hadi 4 tu kwa meta moja ya ujazo. Utando huo huo huzuia sehemu kubwa sana ya floridi.

Je, utando huo ulizaliwa na ushindani wa soko? Historia inasema vingine. Mwaka 1952 serikali ya Marekani iliunda ofisi maalumu ya kutafiti jinsi ya kupata maji matamu kutokana na maji ya chumvi. Kwa miaka mingi ofisi hiyo iligawa fedha za umma kwa vyuo na maabara, bila ya kujua nani atafaulu. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa kwanza uliopitisha maji kwa kasi ya kutosha kufaa kwa kazi. Mwaka 1965 mtambo wa namna hiyo ulianza kuuhudumia mji mdogo wa Coalinga, California, ambao maji yake yalikuwa ya magadi na chumvi.

Hatua ya pili ilifanyika katika maabara ya utafiti huko Minnesota. Mkemia John Cadotte, akifanya kazi chini ya mkataba wa serikali, alikutanisha kemikali mbili juu ya uso wa kitu chenye vitundu, zikaunganika na kufanya ngozi nyembamba ambayo unene wake ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ngozi hiyo ilizuia chumvi vizuri kuliko zote zilizotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake wachache walitoka wakaanzisha kampuni ndogo, FilmTec, ili kuutengeneza utando huo kwa wingi. Katika miaka ya 1980 Jeshi la Majini la Marekani likaanza kufunga mitambo ya osmosisi kinyume katika manowari zake, ili kuachana na uchemshaji unaokula mafuta. Mwaka 1985 kampuni kubwa ya kemikali ya Dow iliinunua FilmTec.

Sasa msomaji atazame mwisho wa hadithi. FilmTec ilipoishitaki kampuni nyingine iliyoitwa Hydranautics kwa madai ya kuiga hataza yake, Hydranautics ilijibu kwamba hataza hiyo si mali ya FilmTec hata kidogo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani iliikubali hoja hiyo: wazo lilizaliwa mvumbuzi akiwa kazini chini ya mkataba wa serikali, na kwa masharti ya mkataba na sheria ya wakati huo, hataza ilikuwa ya serikali.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, fedha za hatari, zile za miaka ya mwanzo ambapo hakuna ajuaye kama kitu kitafaa, zilitoka kwa walipa kodi. Pili, swali la nani anamiliki haliamuliwi na ubora wa akili ya mvumbuzi, bali na maneno yaliyoandikwa katika mkataba kabla kazi haijaanza.

3. FUNGU LA LAZIMA

Mwaka 1982 Marekani ilipitisha sheria iliyougeuza uzoefu wa namna hii kuwa utaratibu. Mbegu yake ilikuwa majaribio yaliyoanza 1977 katika mfuko wa taifa wa sayansi, yakisimamiwa na Roland Tibbetts. Sheria ilisema kwamba kila idara ya serikali inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa utafiti unaofanywa na watu wa nje, lazima itenge sehemu ya fedha hizo kwa kampuni ndogo. Sehemu hiyo ilianza na 0.2% na kupanda hatua kwa hatua. Kufikia 2017 sheria ilitaka isipungue 3.2%. Jeshi la Majini limekuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa utaratibu huo.

Kazi hugawanywa katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza kampuni hupewa fedha kidogo kwa muda mfupi ili ithibitishe kama wazo linawezekana. Wale waliofaulu huingia ngazi ya pili na kupewa fedha zaidi ili watengeneze kielelezo na kukijaribu. Katika ngazi ya tatu fungu hilo maalumu hukoma. Kitu lazima kinunuliwe, ama na jeshi lenyewe kwa fedha nyingine, ama na soko la kiraia.

Mambo matatu ya utaratibu huu yanafaa kuzingatiwa. La kwanza, swali hutoka kwa mtumiaji. Jeshi hutangaza: tunataka pampu isiyopiga kelele, au rangi inayozuia kutu, au chujio jepesi. Fundi haachwi akisie. La pili, kampuni ndogo hubaki na haki juu ya maarifa iliyoyapata kwa muda uliowekwa, na serikali hupata haki ya kuyatumia. La tatu, kushindwa katika ngazi ya kwanza si aibu wala wizi wa mali ya umma. Kumehesabiwa tangu mwanzo.

Hata hivyo tusiukuze utaratibu huu kupita kiasi. Wamarekani huita ndogo kampuni yenye wafanyakazi hadi 500. Kwa sera yetu ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003, kiwanda kidogo ni chenye watu 5 hadi 49, na kuanzia 100 ni kikubwa. Tena, kama mfano wa FilmTec unavyoonyesha, mdogo akifaulu sana mara nyingi humezwa na mkubwa. Utaratibu huu haukuondoa tabia ya ubepari. Uliipa dola tu uwezo wa kupanda mbegu mahali ambapo mtaji mkubwa huogopa kupanda.

4. HALI YETU

Mtu asiseme kwamba Tanzania haikufikiri. SIDO iliundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. TIRDO ilianzishwa 1979 kwa utafiti wa viwanda. Mwaka 1980 ikaundwa TEMDO, na 1981 CAMARTEC, zote mbili Arusha, kwa usanifu wa mitambo na zana za vijijini. COSTECH ikafuata mwaka 1986. Upande wa ulinzi, kituo cha Nyumbu huko Kibaha kilianzishwa katika miaka hiyo hiyo kwa tekinolojia ya magari. Katika eneo moja tu la Arusha na Meru palikuwa na akili za uhandisi ambazo mikoa mingi haikuwa nazo.

Juu ya maji, kazi haikufanyika maabara tu. Pale Ngurdoto, si mbali na Nkoaranga, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi. Mafundi wake walifuata njia ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru kwa moto unaodhibitiwa, ikapondwa na kuwekwa ndani ya ndoo au pipa, na maji yakapitishwa humo. Sayansi yake ni rahisi na ya kuhuzunisha: mfupa una asili ya kuvuta floridi, na kwa sababu hiyo hiyo mtoto huumia. Mfupa wa ng'ombe uliochomwa hushika floridi ndani ya chujio kabla mfupa wa mtoto haujaishika. Mali ghafi yake iko machinjioni. Udhaifu wake ni kwamba mifupa hushiba. Isipobadilishwa kwa wakati, chujio hubaki pambo, na bila ya kipimo mwenye nyumba hajui kama limechoka.

Jirani vilevile, Tengeru, kipo Chuo cha Nelson Mandela cha Sayansi na Teknolojia. Mhadhiri wake, Dakta Askwar Hilonga, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazoweza kuchaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floridi ikiwa mojawapo, na akaanzisha kampuni ndogo ya kulizalisha. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, yenye thamani ya pauni 25,000. Tuzo hiyo ilitolewa na chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza. Tunampongeza mvumbuzi, lakini tujiulize kwa nini mlango uliofunguka kwa kishindo ulikuwa London.

Kasoro yetu basi si ukosefu wa vipaji, wala si ukosefu wa majina ya mashirika. Kasoro iko kati ya kielelezo na oda. Kitu hutengenezwa, huonyeshwa Nane Nane au Saba Saba, hupigwa picha, kisha hurudi karakanani kulala. Tangu 2019 yako mashindano ya kitaifa ya ubunifu, na upo mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia chini ya COSTECH. Hayo ni mema. Lakini tuzo humlipa mtu kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na mfuko mmoja wa kati hungoja kuombwa. Vyote viwili ni tofauti na sheria inayoilazimisha kila idara kubwa kutenga fungu na kutangaza maswali yake. Sheria yetu ya ununuzi wa umma inatenga 30% kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nayo ni hatua kubwa, lakini ni fungu la kununua kilichopo. Si fungu la kutafuta ambacho hakijapatikana.

5. HOJA MBILI ZA KUJIBIWA

Wako watakaosema: nchi maskini haina haja ya kuhangaika na utafiti wa jeshi la majini, fedha hizo zichimbe visima. Hoja hii inavutia, lakini inatazama upande mmoja. Tanzania ina bahari, ina visiwa, na imezungukwa na maziwa makubwa. Mei 1996 MV Bukoba ilizama ziwani Victoria na mamia wakafa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakapotea. Wanamaji ni walinzi, lakini pia ni waokoaji. Boya, pampu, taa, boti nyepesi na maji safi ni mahitaji ya ulinzi na ya raia kwa pamoja. Na kisima si jibu kila mahali: visiwani huweza kutoa maji ya chumvi, na Meru huweza kutoa floridi. Chombo kitakachomtosheleza mwanamaji wa Kigamboni kwa uimara wake kitamfaa mkunga wa zahanati.

Wako wengine watakaosema: mashine za kusafisha maji zipo madukani, tununue, kwa nini kuanza upya? Hawa hawajahesabu. Pipa, fremu na mabomba fundi wa Arusha anaweza kuyatengeneza. Utando wenyewe huletwa kutoka nje, nao huchakaa na kudai mwingine. Kununua mashine mara moja ni kununua utegemezi wa kudumu. Aidha kila mtambo wa namna hii hutoa maji safi upande mmoja na maji makali upande wa pili. Melini maji makali hurudi baharini. Huku kwetu yakimwagwa mferejini, floridi iliyotolewa kwenye kikombe cha jirani wa juu inakwenda shambani kwa jirani wa chini. Mtengenezaji wa ng'ambo hakulifikiria hilo, kwa sababu hana mfereji. Ni utafiti wetu peke yake utakaolifikiria.

6. KAZI ILIYO MBELE

Kutokana na maelezo haya, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, fungu la utafiti wa viwanda vidogo liwekwe kwa sheria, hata likiwa dogo. Nusu ya asilimia inayotolewa kila mwaka bila kukosa ina nguvu kuliko mamilioni yanayotolewa mwaka wa sherehe.

Pili, watumiaji waandike mahitaji yao na kuyatangaza kwa Kiswahili. Mamlaka za maji, hospitali, Jeshi la Wanamaji na bandari waseme: tunataka chujio la uzito huu, la bei hii, litakalofanya kazi miezi kadha bila fundi. Mchomeleaji wa Usa River akijua swali, anaweza kukaa na mkemia wa Tengeru na kulijibu.

Tatu, mikataba iseme mapema nani anamiliki nini. Umma uliogharamia ubaki na haki ya kutumia; fundi aliyevumbua abaki na haki ya kuzalisha; na kampuni ikiuzwa kwa mgeni, haki ya umma isiuzwe nayo.

Nne, upimaji uwe huduma ya karibu. Chujio bila kipimo ni imani tu. Maabara moja ya kupima floridi inayofikiwa kwa nauli ndogo itaokoa machujio mengi kuliko hotuba.

Hayo yakifanyika, mtu wa Nkoaranga hatauliza tena manowari zinamhusu nini. Atakuwa na chujio jikoni, lililotengenezwa na watu anaowajua, na ambalo ndugu yake lilipofungwa kwenye boti ya doria ya Kigamboni halikushindwa. Na mtoto atakayenywa maji hayo meno yake yatakuwa ushahidi kuliko maandishi yetu.